Shabu Ndani ya Sindano

Safari hii twajibu swali liulizwalo na wazazi wa pande nyingi za ziwa letu, Sengerema, Ukerewe, Magu hata Bunda. Maneno yake hutofautiana kidogo, lakini kiini ni kimoja. Wauliza hivi: binti zetu wachomwa sindano ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi, nasi twasikia ya kwamba ndani ya sindano hiyo mmetiwa kitu cha kuuchokoza mwili, na kwamba kitu hicho huweza kuufanya mwili ujigeukie wenyewe. Je, ni kweli?

Hatuwezi kujibu kwa "ndiyo" au "la" kabla ya kueleza, kwa sababu sehemu ya kwanza ya maneno hayo ni kweli kabisa. Kitu cha kuuchokoza mwili kimo. Tena si siri. Kimeandikwa katika karatasi ya kila chanjo ya namna hiyo. Mtu akikuambia hakimo, basi hajui alisemalo, au adhani kwamba wewe huwezi kufahamu. Sehemu ya pili ndiyo yenye kuhitaji maneno mengi.

Wataalamu hukiita kitu hiki kwa jina litokalo katika Kilatini, katika kitenzi adjuvare, maana yake kusaidia. Wazee wetu waliopata kutumikia misa enzi za Kilatini watalitambua neno hilo upesi. Sisi tutakiita kisaidizi cha chanjo.

Asili yake ni ya ajabu kidogo. Mwaka 1925, huko Ufaransa, daktari wa mifugo aitwaye Gaston Ramon alikuwa akitunza farasi wa taasisi ya Pasteur. Farasi hao walichomwa sumu ya dondakoo iliyokwisha kupunguzwa ukali, kisha damu yao ikatumiwa kutengenezea dawa ya watoto wagonjwa. Ramon akaona jambo. Farasi aliyetunga jipu pale alipochomwa, damu yake ilikuwa na kinga nyingi kuliko ya wenzake. Basi akaanza kuchanganya vitu vya kila namna na ile chanjo, ili kulileta lile jipu kwa makusudi: makombo ya mkate, mafuta, na hata wanga wa muhogo. Naam, muhogo! Na kinga ikazidi. Mwaka uliofuata, 1926, Mwingereza Alexander Glenny na wenzake wakatumia kitu kingine kilicho bora zaidi, nacho ni shabu.

Shabu kila mtu aijua. Kinyozi huipaka kidevuni baada ya wembe, na akina mama wengine huitia katika ndoo ya maji yenye tope ili tope lizame chini. Ndani yake mna madini ya alumini, yale yale ya sufuria. Chanjo za leo hazitiwi shabu yenyewe, bali chumvi nyingine za alumini zilizo ndugu zake, tena kwa kipimo kidogo sana. Chanjo za HPV, yaani hizo za kuzuia saratani ya mlango wa kizazi, huwa na nusu ya miligramu au pungufu yake katika sindano moja. (Msomaji mmoja atasema: kumbe twala zaidi ya hiyo katika chai na ugali! Ni kweli, lakini karibu yote tulayo hupita tumboni na kutoka, nayo ya sindano huingia katika msuli. Tusilinganishe vitu visivyolingana kwa ajili ya kutulizana tu.)

Kazi yake ni nini? Wasukuma watafahamu upesi kwa mfano wa sungusungu. Chanjo ya HPV haina mdudu mzima. Ina magamba matupu ya virusi, kama vazi la mwizi lililoanguliwa katika kamba. Magamba hayo yakiingia mwilini peke yake huweza kupita kimya, kama mgeni apitaye kijijini usiku na mbwa wasibweke. Kisaidizi ndicho kipigacho yowe. Kijiji chote huamka, watu hutoka na mienge, na kila mmoja hulitazama lile vazi vizuri. Siku mwizi mwenyewe akija, watamjua kabla hajafika mlangoni. Ndiyo sababu mkono huuma na kuvimba kidogo siku ya pili. Yowe limepigwa.

Hofu ya wazazi sasa yaonekana wazi. Watu waliotolewa usiku kwa yowe, wenye marungu na mishale, huweza kumkosea mtu. Imepata kutokea sungusungu wakampiga mgeni, au hata mwenye nyumba. Je, askari wa mwili hawawezi kukosea namna hiyo hiyo?

Waweza, na hukosea. Wala hatuhitaji kwenda mbali kutafuta ushahidi. Mtoto wa miaka sita au kumi augua koo. Mdudu wa koo lile, wa jamii ya streptokoka, amefanana katika sehemu zake na nyama ya moyo wa mtu. Askari wa mwili hupigana naye na kumshinda, lakini kwa watoto wengine, baada ya majuma mawili au matatu, askari wale wale hurudi na kushambulia viungo na moyo, kwa kudhani adui yungali humo. Magoti huvimba, kisha vifundo vya miguu. Mama hudhani mtoto amecheza sana. Uvimbe huisha, lakini vilango vya moyo vimekwisha kupata kovu. Ugonjwa ukirudiarudia, miaka mingi baadaye yule mtoto, sasa ni mama kijana mwenye mimba, hafiki kisimani bila kupumzika mara tatu. Hii ndiyo homa ya baridi yabisi na ugonjwa wa moyo ufuatao. Pale Bugando, hospitali ya rufaa ya maaskofu iliyo juu ya kilima cha Mwanza, madaktari wanawajua vizuri wagonjwa wa namna hii. Twaueleza kwa urefu kwa sababu, katika magonjwa ya mwili kujishambulia, huu ndio uwadhurao watoto wa nchi yetu, nao hautoki katika sindano. Watoka katika koo lisilotibiwa.

Kwa hiyo swali la kuuliza kama kisaidizi cha chanjo chaweza kuleta msiba wa namna hiyo si swali la kijinga. Mabingwa wenyewe wameliuliza. Mwaka 2011 daktari wa Israeli aitwaye Yehuda Shoenfeld, pamoja na mwenzake Nancy Agmon-Levin, waliandika makala wakayakusanya magonjwa kadhaa chini ya jina moja, ASIA, wakisema chanzo chake huenda ni visaidizi. Waliwataja wanawake waliotiwa silikoni matitini, askari waliorudi wagonjwa kutoka vita vya Ghuba ya mwaka 1991, na watu walioanza kuugua baada ya kuchanjwa. Wakawataja pia wagonjwa wa Ufaransa ambao madaktari wao walieleza habari zao mwaka 1998: watu wachovu, wenye maumivu ya misuli, na katika msuli wa bega lao zikaonekana chembe za alumini zilizobaki huko tangu kuchanjwa.

Makala hiyo ilisomwa sana, na wengi waliifuata. Wengine walipinga, na sababu yao kubwa ni rahisi. Ili mtu ahesabiwe kuwa ana ugonjwa huo, miongoni mwa dalili zilizowekwa ni uchovu, maumivu ya misuli na viungo, usingizi usioburudisha, kusahau, homa, na mdomo kukauka. Sasa tuulizane: mama aliyepalilia pamba kutwa huko Misungwi, au mvuvi aliyekesha ziwani akivua dagaa, ana dalili ngapi kati ya hizo ifikapo asubuhi? Na nani katika nchi hizi hakuchanjwa hata mara moja? Mtego wenye matundu mapana hivyo hukamata kila samaki, nawe huwezi kusema umeenda kuvua sangara. Hata hivyo wale wafuatao maoni ya Shoenfeld wana jambo moja la maana. Wasema kwamba watu hawakuumbwa sawa, na kwamba huenda wachache wenye asili fulani katika damu yao hudhurika na kitu kisichowadhuru wengine. Hilo halikatai akili. Lapaswa kupimwa.

Hupimwaje? Hapa ndipo twaomba msomaji atulie kidogo, maana pasipo kulifahamu jambo hili hawezi kufahamu lolote katika ubishi wa chanjo.

Binti amechomwa sindano Jumanne. Ijumaa magoti yamevimba. Mama yake asema: ni ile sindano. Twamfahamu, nani asingesema hivyo? Lakini yako magonjwa ya mwili kujishambulia, kama ule uitwao lupus, yapendayo kuanza kwa wanawake, hasa kuanzia umri wa usichana. Nao umri huo umekaribiana na ule wa kuchanjwa. Ukiwachanja wasichana elfu nyingi katika juma moja, lazima wamo ambao wangeanza kuugua juma lile hata kama mwuguzi asingekuja shuleni. Basi dawa ya kujua ni moja tu, nayo ni kuhesabu. Wahesabu waliochomwa walioougua, kisha wahesabu wasiochomwa walioougua, nawe ulinganishe. Mfugaji hajui kwamba ng'ombe wamekufa kwa majani ya bonde fulani mpaka aulize na wale ambao hawakulishwa bondeni.

Kazi hiyo ya kuhesabu imefanyika hata hapa Mwanza. Kuanzia mwaka 2017 wataalamu wa taasisi ya utafiti ya NIMR na kituo cha majaribio cha MITU, pamoja na chuo cha utabibu cha London, waliwaandikisha wasichana 930 wa Mwanza wenye umri wa miaka 9 mpaka 14. Miongoni mwa viongozi wa kazi hiyo walikuwa Deborah Watson-Jones wa London na John Changalucha wa NIMR Mwanza. Wasichana waligawanywa kwa kura: wengine sindano moja, wengine mbili, wengine tatu. Chanjo zilikuwa za aina mbili, na moja yake ina kisaidizi chenye nguvu zaidi, alumini pamoja na kitu kilichotolewa katika ganda la bakteria. Kusudi kubwa lilikuwa kujua kama sindano moja yatosha. Lakini kila msichana aliyelazwa hospitalini, kwa sababu yoyote, aliandikwa.

Matokeo ya miaka miwili yalitolewa mwaka 2022. Kwa aina zile mbili za virusi ziletazo sehemu kubwa ya saratani hii, karibu wote waliopata sindano moja, 98 au 99 katika kila mia, walikuwa na kinga katika damu yao. Na madhara makubwa? Wasichana 42 kati ya 930 walipatwa na mambo mazito, jumla yake mara 53. Lililotokea zaidi ni kulazwa kwa malaria. Mmoja alifariki, na malaria ndiyo iliyomwua. Waliopata sindano tatu hawakuugua kuliko waliopata moja, wala hakuna hata tukio moja lililoonekana kutokana na chanjo.

Msomaji ajaribu kuwaza. Kama msichana yule marehemu angekuwa wa kijiji ambacho hakuna ahesabuye, angefariki baada ya kuchanjwa, na maneno yangekwisha hapo. Watu wangesema sindano. Mbu asingetajwa.

Lakini wasichana 930 ni wachache. Jambo litokealo mara moja katika watu laki moja haliwezi kuonekana kwao, na asemaye kwamba utafiti wa Mwanza peke yake umemaliza neno amezidisha. Kwa hiyo hutazamwa nchi ziwekazo daftari la kila raia tangu kuzaliwa. Mwaka 2013 Denmark na Sweden zilihesabu wasichana karibu milioni moja, karibu 300,000 kati yao wakiwa wamechanjwa chanjo ya HPV. Hawakupata ushahidi kwamba waliochanjwa walishambuliwa na miili yao kuliko wenzao. Mwaka 2025 Denmark ilitoa hesabu nyingine iliyohusu alumini yenyewe: watoto zaidi ya 1,200,000 waliozaliwa tangu 1997 mpaka 2018, na magonjwa 50, mengi yake ya mwili kujishambulia. Watoto waliopata alumini nyingi katika chanjo za utotoni hawakuugua kuliko waliopata kidogo. Katika Ufaransa, mwaka 2015, hesabu ya wasichana zaidi ya milioni mbili ilionyesha huenda kuna ongezeko dogo la ugonjwa mmoja wa mishipa ya fahamu uletao kupooza, mtu mmoja au wawili katika laki moja. Waingereza wakaenda kutazama kwao, wasilione. Hivi ndivyo kazi hii iendavyo. Mmoja hupiga yowe, na wengine huja na taa.

Na je, yowe halikupata kuwa la kweli? Lilipata, nasi hatutalificha. Katika mafua makubwa ya mwaka 2009, nchi za Ulaya zilitumia chanjo iliyoitwa Pandemrix, yenye kisaidizi cha mafuta yatokayo katika ini la papa. Mwaka 2010 madaktari wa Finland na Sweden wakaona watoto wanaolala ghafla darasani, mchana, na wengine kuanguka wanapocheka. (Si malale ya mbung'o tuyajuayo sisi, huu ni ugonjwa mwingine, ambamo mwili huharibu chembe za ubongo zituwekazo macho.) Wakahesabu, na ikawa kweli. Katika Uingereza ilikadiriwa mtoto mmoja kwa kila sindano 55,000 hivi. Chanjo hiyo haitumiki tena. Lakini hata hapo kosa lilikuwa la nani? Walioonekana kudhurika zaidi ni wale wenye asili fulani katika damu. Chanjo nyingine ya mafua yenye mafuta ya namna hiyo hiyo haikuleta jambo hilo. Na huko China ugonjwa huo uliongezeka baada ya mafua yenyewe kupita, kwa watu ambao wengi wao hawakuchanjwa. Kwa hiyo wengi sasa wadhani kwamba sehemu ya kirusi chenyewe imefanana na kitu fulani cha ubongo, kama mdudu wa koo alivyofanana na moyo, na kisaidizi huenda kiliongeza sauti tu. Neno hilo lingali likichunguzwa.

Karibu zaidi nasi, ng'ambo ya mpaka, iko habari ya Homa Bay. Huko, tarehe 13 Septemba 2019, Kenya ilianza kuwapa watoto chanjo ya malaria. Kisaidizi chake kina povu la gamba la mti wa Chile, kitu cha jamii ile ile aliyoijaribu Ramon kwa farasi wake. Majaribio ya kwanza yalikuwa yameonyesha mambo ya kutia wasiwasi: homa ya uti wa mgongo, malaria ya kichwani, na vifo vya watoto wa kike, vyote vikionekana kuzidi kidogo kwa waliochanjwa. Wakubwa wangaliweza kuyapuuza. Badala yake walisema chanjo itolewe kwanza katika sehemu za nchi tatu, Kenya, Malawi na Ghana, na watoto wahesabiwe kwa mamia ya maelfu. Ule wasiwasi haukuthibitika, na vifo vya watoto vikapungua.

Liko jambo la mwisho, gumu kulisema bila kuwaudhi watu. Wasichana wengine huanguka siku ya sindano. Mmoja huzirai, wa pili akamwona, na kabla ya adhuhuri kumi wako chini. Mwaka 2014 mji mmoja wa Colombia, El Carmen de Bolívar, ulijaa wasichana mamia wa namna hii, wakitetemeka na kufa ganzi miguu. Madaktari hawakuona sumu wala ugonjwa wa chanjo. Sisi watu wa ziwa tusiwacheke, maana ya kwetu yaandikwa katika vitabu vya dunia nzima. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya wasichana ya Kashasha karibu na Bukoba, wasichana watatu walianza kucheka na kulia wasiweze kujizuia. Ikawapata 95 kati ya 159. Mwezi wa Machi shule ikafungwa, wakarudi kwao, na cheko likaenda nao vijijini. Hapakuwa na chanjo. Madaktari walipima damu wasione kitu. Wasichana wale hawakuwa waongo wala wachawi, waliteseka kweli. Hofu nayo hupita toka mtu hata mtu, na mwili huitii.

Katika Japani hofu ya namna hiyo ilikwenda mbali. Mwaka 2013, baada ya habari za wasichana wenye maumivu na kutetemeka kuenea, serikali iliacha kuihimiza chanjo ya HPV. Wachanjwao wakapungua kutoka 70 katika mia hata chini ya mmoja. Mji wa Nagoya ukahesabu wasichana karibu 30,000 na dalili 24. Waliochanjwa hawakuzidi wasiochanjwa. Serikali ilirudi kuihimiza mwaka 2022. Katika miaka hiyo waliokosa chanjo ni wengi, na wataalamu wamekadiria kwamba wanawake wapatao 5,000 watakufa kwa saratani ambayo ingezuilika.

Na kuhusu utasa, maana twajua hilo ndilo linong'onwalo zaidi: zilipochanjwa shule za msingi 134 za mkoa wa Mwanza kwa majaribio, 2010 na 2011, wazazi wengine waliogopa hilo kuliko jambo lingine. Wafuasi wa maoni ya ASIA nao waliandika habari za wasichana wachache ambao mayai yao ya uzazi yalikoma mapema baada ya chanjo. Basi Marekani wakatazama wasichana karibu 200,000. Waliokomewa mapema bila sababu nyingine kujulikana walikuwa 46, na mmoja tu ndiye aliyeonekana kuanza kuugua baada ya chanjo ya HPV. Sindano haikuongeza kitu.

Upande wa pili wa mizani kuna saratani yenyewe. Kwa makadirio ya mwaka 2020, wanawake zaidi ya 10,000 wa Tanzania waliipata mwaka ule, na zaidi ya 6,000 walikufa. Hufika hospitalini wamechelewa, wakiwa na watoto wadogo nyumbani. Nchini Sweden, wasichana waliochanjwa kabla ya miaka 17 walipungukiwa na saratani hii kwa sehemu 88 katika mia. Kisumu, Nairobi na Thika, wasichana 2,275 walichunguzwa, na sindano moja ilizuia maambukizo ya virusi vilivyo vibaya zaidi kwa sehemu 97 katika mia.

Bado yako maswali ya haki. Katika majaribio mengi ya zamani, wale waliolinganishwa na waliochanjwa hawakuchomwa maji matupu, bali maji yenye alumini. Wakosoaji wasema kwa njia hiyo dhara la alumini lingeweza kujificha, nasi twaona wana haki kulisema. Ndiyo maana hesabu za watu wote, kama zile za Denmark, ni za thamani. Na tangu Aprili 2024 Tanzania yatoa sindano moja tu kwa wasichana, badala ya mbili za mwanzo. Utafiti wa Mwanza ulisaidia kufika hapo. Mwenye kuogopa kisaidizi ajue kwamba binti wa leo apata nusu ya kile alichopata dada yake.

Sasa mambo ya nyumbani. Siku ya chanjo binti ale kifungua kinywa, maana mwenye njaa huzirai upesi. Achomwe ameketi, na asimame baada ya dakika kumi na tano. Mkono kuuma, kichwa kuuma, homa ndogo siku moja au mbili, hayo ni ya kawaida. Uso ukivimba, pumzi ikibana au vipele vikatoka mwili mzima saa ile, mwuguzi aitwe pale pale. Ni nadra, naye ana dawa yake. Kama alipata kudhurika vibaya na chanjo yoyote zamani, au ana mimba, au yu mgonjwa wa homa kali siku hiyo, mwuguzi aambiwe kabla ya sindano.

Kama majuma yakipita na binti ana uvimbe wa viungo, uchovu usioisha, madoa usoni au udhaifu wa miguu, apelekwe kwa daktari, na mama aseme waziwazi siku aliyochanjwa. Asione haya na asikubali kufukuzwa. Kituo cha afya chapaswa kuandika habari hiyo na kuipeleka kwa mamlaka ya dawa, TMDA, maana hesabu zote tulizozitaja zilianza kwa mzazi mmoja aliyesema na mwuguzi mmoja aliyeandika. Na daktari aulizwe pia kama mtoto alikuwa na koo siku za nyuma, kwa sababu penisilini ikitolewa mapema huokoa moyo.

Habari ya koo hiyo tutaieleza kwa kirefu juma lijalo.